Ushauri: kifaa cha kumzoezesha mama mkono baada ya kiharusi, nichague sensa ipi?

Fundi_Igoma: Wakuu, habari za humu. Mama alipata kiharusi miezi mitano iliyopita, vidole vya mkono wa kulia vimejikunja. Mimi ni fundi simu, nimemtengenezea kifaa: stika za elektrodi za kunasa umeme wa misuli, amplifaya ya kuukuza, Arduino (kibao kidogo cha kompyuta) na taa kumi. Akijaribu kuinua kiganja, taa zinapanda. Je, niendelee na sensa ya umeme wa misuli au nihamie glavu yenye sensa za kupinda? Maboksi 20 ya kufungia nimeshaagiza.

Binti_Kirumba: Pole kaka. Baba tulimkanda maji ya moto tukamuunguza. Mkono ulikuwa hausikii, naye hakusema kitu. Mpaka leo naliona lile kovu.

Mzee_wa_Mwaloni: Vijana mnakimbilia taa. Dawa za presha anakunywa?

Fizio_Nyakato: Glavu inasoma kidole kikisogea. Misuli inaweza kutoa umeme hata kabla mkono haujasogea, kwa hiyo baki na sensa yako. Ila mama akipumzika, taa zinakuwaje?

Fundi_Igoma: Zinawaka mbili tatu hivi.

Fizio_Nyakato: Mbili au tatu? Na umeme unatoka wapi?

Fundi_Igoma: Saba. Hata akisinzia. Unatoka kwenye laptop, nayo inakuwa kwenye chaji, betri yake imekufa. Lakini chaja nimeipima mwenyewe, na mama hajawahi kupigwa shoti.

Kijana_wa_Capripoint: Chai hii. Mwanzo taa zinapanda akijaribu, sasa zinawaka amesinzia. Anatafuta wateja wa maboksi 20.

Fundi_Igoma: Ndugu, siuzi kitu. Kila jioni mama anaziangalia zile taa anasema, "Mkono unarudi." Ningeanzaje kuandika hilo?

Fizio_Nyakato: Chomoa sasa hivi. Hayo ni mawimbi ya umeme wa ukutani, hezi 50, si misuli. Na chaja ikivuja, stika zako ndizo zitakazoupitisha umeme mwilini mwa mama. Tumia betri tu. Futa ngozi kwa spiriti, stika mbili nyuma ya mkono chini kidogo ya kiwiko, ya tatu kwenye mfupa wa kiwiko. Anza na mkono usioumwa ujue kifaa kinasema kweli.

Binti_Kirumba: Kaka, tupe mrejesho.

Fundi_Igoma: Nimechomoa, nimeweka betri. Taa zote zikazima. Mama akauliza, "Umekufa tena?" Nimemwambia nimekosea mimi, si mkono wake. Amenyamaza kidogo, kisha akanipa wa kushoto. Akiinua, taa sita. Akipumzika, hakuna hata moja. Sasa nafuta ngozi ya kulia.