Niliuziwa baiskeli ya umeme "nyepesi na maridadi", sasa naisukuma mlima wa Riat kila jioni

Wadau, hamjambo. Mimi nina hasira, kwa hiyo mkiona nimerukaruka mnisamehe.

Nakaa Riat, ghorofa ya tatu, na kazi yangu iko mjini Kisumu, si mbali na Oginga Odinga Street. Ni kama kilomita tisa. Nauli yangu kwa siku ilikuwa shilingi 180 kukiwa kukavu. Mvua ikianza kutoka upande wa ziwa saa kumi, makanga wanapandisha wanavyotaka. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilipofika nikaamua kuachana na matatu. Pikipiki naiogopa, nimewauguza watu wangu wawili kwa ajili ya pikipiki. Nikasema nitatafuta baiskeli ya umeme, iwe nyepesi nipande nayo ngazi, na iwe ya kupendeza. Hilo la mwisho sioni haya kulisema. Napenda vitu vizuri, na sikutaka kufika ofisini na kitu kama mkokoteni.

Kuna duka mjini hapa, jina nalihifadhi. Lilikuwa na moja imewekwa kwenye kioo, rangi ya kijivu. Nyaya zote zimefichwa ndani ya fremu, taa ya mbele imezama kama jicho, mkanda mweusi mahali pa cheni, na betri huioni hata ukitafuta. Kijana wa duka akaiinua kwa mkono mmoja huku anaongea na simu kwa ule mwingine. "Dada, kilo kumi na nne. Chaji moja, kilomita sabini." Akanitolea nyingine nijaribu, nikapiga raundi mbili huko chini karibu na ziwa ambako ni tambarare kama meza, betri imejaa, jua zuri. Ilikwenda kama maji. Nikatoa 96,000 kwa M-Pesa nikiwa bado natabasamu.

Kilichonifumbua macho ni ngazi. Siku ya kwanza nilifika ghorofa ya pili nikaketi. Nikajiambia labda ni uchovu. Wiki iliyofuata nikapita nayo Kibuye kwa mama mmoja wa vitunguu, mwenye ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia magunia. Akanisaidia kuitundika kwa kamba, gurudumu la nyuma likabaki linazunguka polepole, sindano ikayumba ikasimama kwenye kumi na tisa na nusu. Mama akanitazama. "Mwanangu, ulinunua baiskeli ama ndama?"

Nikarudi dukani. Yule kijana, bila hata kuona aibu, akasema kilo 14 ni "bila betri na bila pedali". Na ile ya kwenye kioo aliyoiinua kwa mkono mmoja? Haikuwa na betri ndani. Ilikuwa ya maonyesho. Sasa niambieni, nani anaendesha baiskeli bila pedali? Na hata hesabu yake haikubali: betri ndogo kama hiyo haizidi kilo mbili na ushee, pedali zote mbili hazifiki nusu kilo. Zile kilo tatu nyingine zilitoka wapi?

Twende kwenye betri, maana hapa ndipo nilipoibiwa kwa hesabu. Nilipoipindua juu chini nikakuta stika ndogo chini ya pedali: 36V 7Ah, yaani volti 36 na ampea-saa 7. Zidisha hizo mbili, unapata wati-saa 252. Hiyo ndiyo tangi yako ya mafuta, na ndiyo namba ya kwanza kuuliza, kabla ya rangi. Kumbe ukigawanya 252 kwa kilomita 70 za kijana, kila kilomita inapata wati-saa tatu na nusu hivi. Kwa kiasi hicho miguu yako ndiyo inayofanya kazi karibu yote, mota inakusindikiza tu. Mtu wa kawaida mwenye mkoba, njia yenye vilima, akitaka mota imsaidie kweli, atakula kumi hadi kumi na tano kwa kilomita. Yaani kilomita kama ishirini. Mimi kwenda na kurudi ni kumi na nane, na mlima uko mwisho wa safari, betri ikiwa imebaki mkia.

Na mlima wenyewe. Wanaoijua njia ya Kakamega wanajua ukishapita Mamboleo barabara inainuka na haikuonei huruma. Baiskeli yangu ina gia moja. Moja! Mota iko ndani ya gurudumu la nyuma, wati 250, na mota ya namna hiyo imetengenezwa kuzunguka kwa kasi. Ukiwa tambarare kwa kilomita ishirini kwa saa inaimba. Ukishuka hadi saba au nane, inavuta umeme mwingi na sehemu kubwa inageuka joto. Ukigusa katikati ya gurudumu unaondoa mkono haraka. Betri nayo ikiwa karibu kuisha na ukaivuta kwa nguvu, volti zinaporomoka ghafla, kifaa cha kuilinda kinakata. Taa inapepesa mara tatu, halafu kimya. Hapo unabaki na kilo kumi na tisa na nusu zisizo na gia.

Kwa hiyo nasukuma. Wiki jana nilikuwa nasukuma sambamba na mzee wa ngware, wale bodaboda wa baiskeli, Black Mamba yake, ile baiskeli nzito ya kizamani, imebeba gunia la makaa, naye anasukuma. Tukaenda kimya kitambo. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, hii si ndiyo ya stima?" Nilitamani ardhi inimeze. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Changu hata kujitembeza hakiwezi, mimi ndiye ninayekitembeza.

Baadaye nimejifunza kwamba kuna zile ambazo mota imekaa katikati, penye pedali, na nguvu yake inapita kwenye gia za baiskeli. Ukipunguza gia, mota nayo inapumua, mlima unapandika. Ni nzito kidogo na si za kupendeza sana, lile tumbo la mota linaonekana. Pale dukani hakuna aliyeniuliza nakaa wapi. Angeniuliza tu, "Dada, unaishi upande gani?" nami nikajibu Riat, mtu muungwana angenirudisha nyumbani na pesa zangu.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kila nilichokisifu siku ile kilikuwa kitu kilichoondolewa. Imependeza kwa sababu haina madigadi, haina karia, haina gia, haina betri ya kuchomoka. Nimelipa 96,000 kwa vitu ambavyo havipo.

Madigadi, kwa mfano. Mwezi wa nne, mvua imepiga, natoka Kondele kwenda mjini nimevaa blauzi nyeupe. Nikafika ofisini, askari wa mlangoni akanyamaza, wenzangu wakanyamaza, hadi mmoja akanipeleka chooni akanigeuza kwenye kioo. Mstari wa tope, upana wa vidole vitatu, umenyooka kutoka kiunoni hadi shingoni kama mkia wa ngedere. Nimeifua mara nne. Bado naiona. Nikauliza duka kama naweza kufungiwa madigadi, wakasema fremu haina matundu ya skrubu, yangeharibu umbo.

Betri kutochomoka nako ni mateso ya kila siku. Ingekuwa inatoka, ningeacha baiskeli chini kwa mlinzi nipande na betri mkononi kama chupa ya maji. Hii lazima baiskeli nzima iende kwenye soketi. Ofisini mwenye jengo amekataa isiingie ndani, kwa hiyo nachaji nyumbani tu, baada ya ngazi. Umeme wenyewe, niwe mkweli, hauna shida: kuijaza kabisa haifiki hata theluthi moja ya uniti, hata shilingi kumi haimalizi. Tokeni hazijanilalamikia.

Pancha sasa. Nilipata mwiba karibu na Kibuye, gurudumu la nyuma, lile lenye mota. Fundi, mzee wa miaka sitini hivi, akalizunguka mara mbili, akaona ule waya unaoingia kwenye ekseli, akasema, "Hapa sikati kitu cha mtu." Akalaza baiskeli ubavu bila kutoa gurudumu, akaingiza vijiko viwili, akavuta tyubu upande mmoja kama anatoa utumbo wa samaki, akapiga msasa, gundi, akaipuliza, kiraka, akairudisha. Dakika ishirini. Shilingi hamsini. Yule mzee ndiye mtu pekee katika mkasa huu ambaye sina neno naye.

Lakini tairi lenyewe lilikuwa limechanika, na hapo ndipo kuna mtego ambao sikuujua. Ubavuni limeandikwa 28. Tairi za Black Mamba nazo ni 28, zimejaa Kibuye nzima. Nikachukua moja, fundi akacheka. Zile za Black Mamba ni 28 kwa 1½, rimu yake ni milimita 635. Langu ni lile jembamba la 700C, rimu ya milimita 622. Namba ya mbele moja, tairi haziingiliani. Hakuna hata duka moja nililopita lililokuwa nalo. Wale walioniuzia wakasema niagize, wiki sita.

Mkanda bado haujakatika, namshukuru Mungu. Waliusifu kuwa haushiki kutu wala hautaki mafuta, na ni kweli. Lakini cheni ikikatika Kondele, Mamboleo au Kiboswa, unatembea hatua mia unapata wa kuiunga. Mkanda ukikatika unasubiri meli.

Na kuna hili la simu. Baiskeli haiwaki bila programu kwenye simu. Simu yangu ikizima, nayo imezima. Nilidhani ni ushamba wangu kulalamika mpaka niliposoma kuhusu VanMoof, kampuni ya baiskeli za umeme ya Uholanzi, wale waliovumisha huu mtindo wa kuficha kila kitu ndani ya fremu. Walifilisika Julai 2023, na wenye baiskeli zao wakaanza kuhaha kuokoa ufunguo wa kidijitali kabla seva hazijazimwa. Washindani wao wa Ubelgiji, Cowboy, wakatoa programu ya kuwasaidia kuuhifadhi. Hao ni Wazungu wa Amsterdam, wenye mafundi jirani. Yangu ikikosa seva nitamlilia nani, mama wa vitunguu?

Nimeomba kurudishiwa pesa. Jibu: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi," wakanionyesha maandishi madogo nyuma ya risiti.

Naongeza, saa tatu usiku. Nimesoma majibu yenu.

Anayesema "ungesoma maelezo kabla ya kununua": ndugu yangu, niliyasoma. Karatasi yao inasema kilo 14, haisemi bila nini. Inasema kilomita 70, haisemi kwa mwendo gani wala mteremko upi. Wati-saa hazimo kabisa.

Anayesema ninunue pikipiki ya umeme: nimesema naogopa. Tuliache hapo.

Uliyeuliza kama bado nataka baiskeli ya umeme, ndiyo. Asubuhi nikishuka Riat, hewa baridi, ziwa linang'aa kule chini, napita matatu zilizokwama Kondele, sitaki kurudi kule ndani kubanwa na makwapa ya watu. Kama ungekuwa unakaa Milimani, mtaa wa hapa karibu na mji usio na mlima kama wa Riat licha ya jina lake, na kufanya kazi mjini, hata hii yangu ingekufaa, ukiifungia kipande cha plastiki nyuma. Wewe wa Riat au Kiboswa tafuta yenye gia, mota ya katikati ukiweza, betri ya kuchomoka isiyopungua wati-saa 400, breki za waya ambazo fundi yeyote anazikaza, na nenda nayo sokoni uipime kwa mizani ya mtu mwingine. Na ujaribu ukipanda. Duka likikataa usiipandishe mlima, ondoka.

Na shukrani kwa omera, yaani ndugu, aliyenitumia ujumbe kuhusu sheria. Sikujua kwamba Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inahesabu maelezo ya uongo kuhusu bidhaa kuwa biashara isiyo ya haki, na mteja anaweza kuvunja mkataba. Wala sikujua kuna mahakama ya madai madogo inayosikiliza madai hadi shilingi milioni moja, na huhitaji wakili. Barua ya madai nimeandika leo. Nimeambatisha picha ya mizani, sindano ikionekana vizuri, na mama wa vitunguu amekubali kusema alichokiona. Amenipa sharti moja tu, nisimpeleke huko kwa baiskeli hiyo.

Nawapa siku kumi na nne. Wakati huo bado natakiwa kufika kazini, kwa hiyo naomba sana: kama kuna mtu Kisumu, Kakamega, Nakuru, popote, ana tairi ya 622 yenye upana wa milimita 32 au 35, hata iliyotumika, aniandikie hapa chini. Hili langu limeshonwa kwa uzi wa viatu.