Acropora inakauka upande wa chini: je, niongeze taa ya pembeni?

Tangi_la_BelAir (Lubumbashi)

Wandugu, salamu. Nina tangi la maji ya chumvi lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 50, na juu yake nimetundika taa moja ya LED, katikati kabisa, sentimita 25 kutoka kwenye maji. Acropora yangu, tumbawe lenye matawi, ilikuwa na ukubwa wa ngumi nilipoipokea, na sasa imeshonana matawi kama kichaka. Kinachonisumbua ni kwamba ncha za juu zina rangi nzuri ya zambarau, ilhali matawi ya ndani ni ya kahawia, na kwenye shina nyama imeanza kutoka na kuacha mfupa mweupe. Nimefikiria kusimamisha taa ya pili nje ya tangi ili imulike kupitia kioo cha kushoto, au kuipachika juu huku nikiiinamisha. Fremu ya kuitundika ninayo tayari, kwani niliiunganisha kwa mabomba ya shaba yaliyobaki nilipokarabati nyumba. Ni pembe ipi inayofaa, na je, matumbawe hayadhuriki yakipigwa mwanga kutoka upande ambao baharini hayaupati?

Mwalimu_wa_Fizikia (Bukavu)

Ndugu wa Bel-Air, tuanze na bahari yenyewe. Hata jua linapokuwa limelala kwenye upeo wa macho, mwanga wake hupinda unapoingia majini, kiasi kwamba ukiwa ndani ya maji hauinami zaidi ya digrii 49 hivi kutoka kwenye wima. Kwa hiyo ni kweli kwamba mwanga wa moja kwa moja hautoki ubavuni. Hata hivyo mawimbi huutikisa, maji huutawanya, na mchanga mweupe hurudisha sehemu yake juu, na zaidi ya hayo jua lenyewe halitulii: tawi lililokuwa kivulini asubuhi hupata zamu yake mchana. Taa yako haiondoki mahali pake, na kivuli kinachoangukia shina saa mbili asubuhi ndicho kilekile cha saa kumi jioni. Mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe, ambao hulilisha kwa sukari inayotokana na mwanga, hauwezi kufanya kazi pale.

Kuhusu kumulika kupitia kioo, sikushauri. Mwanga unaoingia kwa kukabili kioo hupita moja kwa moja na kutokea upande wa pili, machoni pa wageni wako. Kinyume chake, mwanga unaotoka juu hufika kwenye kioo cha ubavuni ukiwa umeinama, na sehemu yake kubwa huakisiwa kurudi ndani kana kwamba hapo pana kioo cha kujitazamia. Maana yake taa ya pembeni unayo tayari bila kuinunua, mradi kioo hicho kisifunikwe na utando wa kijani. Wengi wetu husugua kioo cha mbele tu, kwa sababu ndicho tunachokitazama.

Mama_Matumbawe (Lubumbashi)

Baba, kabla ya yote, ondoa hayo mabomba ya shaba leo! Najua katika mji wetu shaba haikosekani, lakini matone ya maji ya chumvi yataila taratibu na kudondokea tangini, na kiasi kidogo tu cha shaba huua matumbawe, kamba na konokono. Tumia alumini au mbao.

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu kioo, maana mimi niliwahi kuweka taa ya ubavuni. Matumbawe yaliyokuwa karibu na kioo yalipauka kwa kuungua huku yale ya katikati yakibaki vilevile, kwa sababu mwanga hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali na taa. Kilichonisaidia ni taa mbili za juu, moja sentimita 30 kutoka mwisho wa kushoto na nyingine sentimita 30 kutoka mwisho wa kulia, ili kila tawi lionwe na angalau taa moja. Nilizisogeza kidogo kuelekea mbele, kwa kuwa anayetazama anasimama mbele: taa ikikaa nyuma, uso wa tumbawe unaouona wewe ndio unaobaki gizani, na ile rangi ya kijani inayong'aa chini ya mwanga wa buluu huionei raha. Mirija ya taa ya T5, ambayo hapa tunaiita neoni, nayo hutoa vivuli hafifu kwa sababu mwanga wake hutoka kwenye urefu wote wa tangi.

Usiziwashe zote kwa nguvu kamili. Mahali mianga inapokutana hujumlika, kwa hiyo anza na nusu, kisha ongeza kidogo kila wiki. Acropora huridhika na mwanga wa mikromoli 200 hadi 350 kwa mita ya mraba kwa sekunde, ilhali matumbawe laini mengi hutosheka na 50 hadi 150. Ukiazima kipimo cha mwanga, kiweke chini ya matawi pia.

Mzee_Kamalondo

Mnasema taa, taa. Hata baharini vichaka vya Acropora mara nyingi vimekufa chini. Isitoshe, maji yasipopita kati ya matawi, uchafu hutuama penye shina na nyama hutoka hata kama kuna mwanga. Elekeza pampu pale kwanza, na ukate matawi machache ya katikati.

Tangi_la_BelAir

Asanteni sana. Shaba imeondoka jana usiku. Mzee, nimekata matawi manne na kuyapanda kwenye mawe madogo. Taa ya pili nitaiweka kama Mama alivyoeleza, ila kwa kuwa umeme hukatika na batri yangu ni ndogo, nimewaza hivi: ya kushoto iwake asubuhi, zote mbili ziwake pamoja kwa saa nne katikati ya mchana, kisha ya kulia ibaki peke yake hadi jioni.

Mwalimu_wa_Fizikia (Bukavu)

Fanya hivyo. Kivuli kitatembea, na batri itapumua. Shina lililokwisha kuwa mfupa usilisubiri; angalia kama mpaka wa nyama unaendelea kurudi nyuma au umesimama, na upige picha kila Jumapili ukiwa mahali palepale.