Fundi wa gita la akustiki lenye shingo ya bolti: Kariakoo, Keko au nivuke maji?

Nyuzi Juu (Kimara)
Wakuu, habari za jioni. Nina Taylor ya akustiki, nimeinunua mkononi kwa mtu. Shingo yake imefungwa kwa bolti. Tangu masika yaanze nyuzi zimepanda, pale freti ya 12 (vile vyuma vya kukatiza shingoni) ni karibu milimita 4, na nikikamata bare, yaani kidole kimoja kubana nyuzi zote, vidole vinaomba poo. Nafikiria njia tatu: fundi wa magita ya bendi Kariakoo, seremala wa Keko aliyenitengenezea kabati safi kabisa, au nivuke Unguja. Bajeti mwisho laki mbili. Nani ana uzoefu?

Mzee wa Solo
Fundi wa bendi usimdharau, kijana. Dansi la mji huu limebebwa na magita ya umeme miaka nenda rudi, na Stratocaster na ndugu zake zote shingo ni ya kufungwa. Kuifungua, kuweka kipande cha kujazia na kuirudisha ni kazi anayoijua. Ila gita la umeme ni ubao mzito, halivimbi. Kifua cha akustiki ni ubao wa kama milimita 3 tu, na nyuzi zinauvuta kwa mkazo wa karibu kilo 70. Muulize ataanza kwa kupima nini. Akikimbilia kusaga mfupa wa kwenye briji (kile kibao cha kifuani nyuzi zinapofungwa) kabla hajaitazama shingo, mshukuru na uondoke.

Mama Kodi
Keko hapana jamani!

Randa na Patasi
Mama, seremala mnamwonea. Briji ikibanduka au mbavu za ndani zikiachia, mtu mwenye majeki ya kubania na mkono mtulivu atakufanyia vizuri kuliko fundi wa umeme. Ninachokubali ni hiki: seremala akiona upenyo kwenye maungio, mkono unaenda kwenye gundi wenyewe. Shingo ya bolti ikishamwagiwa gundi, faida yote ya bolti imekwisha. Kwa tatizo hili, usimpelekee.

Freti 14
@Nyuzi Juu, ya mwaka gani?

Nyuzi Juu
2006.

Freti 14
Basi una bahati. Mwaka 1999 Taylor walianza kutumia shingo mpya: bolti mbili kisiginoni na moja chini ya ulimi wa ubao wa vidole. Pembe ya shingo inabadilishwa kwa vipande vyembamba vilivyopimwa, na hakuna gundi ya kubandua. Matoleo ya kabla ya hapo ulimi umegundishwa juu ya kifua, na hapo joto linahitajika. Magita ya Martin ya jadi ndiyo kabisa, maungio ya mkia wa njiwa, mpaka mvuke.

Sasa chukua rula ndefu ya chuma, ilaze juu ya freti katikati ya shingo mpaka ifike kwenye briji. Ikipita juu ya ukingo wa briji kwa kugusa tu, pembe ni nzima. Ikigota chini ya ukingo, ama shingo imelala ama kifua kimevimba. Na usikubali mtu azungushe chuma cha ndani ya shingo kwa ajili ya hili. Kile kinanyoosha mpindo, pembe hakiigusi.

Mzee wa Solo
Hapo kwenye chuma umesema kweli. Mafundi wengi ndiyo wanapoanzia.

Pwani Yetu
Kuhusu Unguja: pale DCMA, chuo cha muziki cha Mji Mkongwe, wanafundisha tangu 2002 na wanaishi na udi, kanuni na fidla. Ni pa kuuliza nani anashika vyombo vya mbao, si pa kupanda boti na gita kichwa kichwa. Ukijumlisha nauli ya kwenda kuliacha na kulifuata, laki mbili inaanza kupumua kwa shida.

Nyuzi Juu
Nimepima. Rula inagota chini kidogo ya ukingo wa briji.

Freti 14
Kidogo tu, tena masika? Usifungue bolti hata moja. Gita kama hilo linataka unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na hewa ya Dar msimu huu inapita 70 bila shida. Lifungie kwenye kesi ngumu na silika (vile vifuko vya kunyonya unyevu) za kutosha kwa wiki kadhaa, kisha pima upya. Rula ikiendelea kugota, nenda kwa fundi wa bendi, mwombe afungue mbele yako, na kila kipande kikitoka kiwekewe alama kilikaa wapi.

Nyuzi Juu
Sawa mkuu, silika nanunua kesho. Kuna mwenye kipima unyevu cha kuazima, Kimara mpaka Ubungo?

Mama Kodi
Ninacho, niko Ubungo. Njoo inbox. Lakini kirudi na betri yake.