Uzi: Uliyewahi kupanda helikopta ukashushwa kwenye theluji mlimani, tupeane uzoefu

Mama Wawili, Kisauni

Asalaam aleikum wana wa Mvita na majirani zetu. Kaka yangu anaishi Christchurch, New Zealand, huu mwaka wa kumi na moja. Mwezi wa saba inshallah namzuru, viza ishatoka. Juzi kanipigia huku anacheka, kumbe kanikatia tiketi ya helikopta pale Franz Josef, penye mto wa barafu mlimani. Mnazunguka hewani dakika ishirini na kitu, mnashushwa juu kwenye theluji, mnakanyaga kanyaga kama dakika kumi, mnarudi chini kunywa chai.

Sasa mimi ndiye yule ambaye feri ya Likoni ikiyumba kidogo nashika chuma kwa mikono miwili. Tuktuk ikipanda daraja la Nyali nafumba macho. Pesa imeshalipwa na si ndogo, kwa hivyo kukataa ni aibu.

Nimeuliza mtaani, kila mtu ana jibu na hakuna hata mmoja aliyepanda. Nawaomba waliopanda kweli waseme. Mnahisi nini inaponyanyuka? Baridi yenyewe ikoje kwa mwili uliozaliwa na jasho? Na mnavaa nini? Wenye nadharia mtusamehe leo.

Baharia wa Mtongwe

Aleikum salaam dada. Mimi nilipanda Juneau, kule Alaska, nilipokuwa jikoni kwenye meli ya watalii. Mji ule hauna barabara ya kukutoa nje, ni meli au ndege tu. Kila wiki tukitia nanga nilikuwa naziona helikopta zinapaa kama nyuki na kupotea nyuma ya mlima, mimi niko na gunia la viazi. Mkataba wa tatu nikasema liwalo na liwe. Nililipa dola mia tatu na kitu, mshahara wa siku kadhaa, na sijawahi kumwambia mke wangu bei halisi. Kama unasoma hapa, mama, tusameheane.

Kwanza mnapimwa. Kila mtu, na nguo zake na viatu vyake, juu ya mizani, kama mzigo wa bandarini. Usione haya, wala usiwadanganye kilo zako. Ndizo zinazoamua nani akae wapi, ili chombo kisielemee upande mmoja. Mimi nilikuwa nimeshajipangia kiti cha mbele kando ya rubani, lakini mizani ikaniweka nyuma, katikati, nimebanwa na Wamarekani wawili wenye mapaja ya haja. Hakuna kubishana. Kisha mnavishwa viatu vikubwa juu ya viatu vyenu ili msiteleze, mnaonyeshwa jinsi ya kukiendea chombo: kutoka mbele, rubani akiwaona, vichwa vimeinamishwa. Nyuma kwenye mkia hakuendwi kabisa. Ile rafadha ndogo ya mkiani ikizunguka kwa kasi haionekani, na ndiyo inayoua.

Kunyanyuka sasa. Ndege hukimbia kwanza, ukapata muda wa kusoma dua. Hii hapana. Unakaa, kelele inapanda, chombo kinatetemeka kama posho mill, halafu unaona ardhi imeteremka yenyewe bila kukuaga. Tumbo langu mimi lilitulia kuliko nilivyotarajia. Baharini meli hukutupa huku na kule, helikopta siku ya hewa tulivu haifanyi hivyo. Kinachotisha ni kioo, maana kiko mpaka miguuni na unaona vilele vya misonobari chini ya kiatu chako.

Tukafika kwenye Mendenhall. Ule ni mto wa barafu, kilomita kama ishirini kwa urefu, umelala bondeni na nyufa mgongoni. Nilidhani barafu ni nyeupe. Ndani ya zile nyufa ni buluu, buluu ya chupa ya dawa. Rubani alitushusha, tukapokewa na kijana mwenye kamba na shoka, naye rubani akapaa kwenda kuleta wengine. Kelele zilipoisha ndipo niliposhtuka. Kimya, halafu chini ya miguu unasikia maji yanapita ndani ya barafu. Tulichota tukanywa, meno yakalia.

Kitu kimoja kilinisumbua nisijue ni nini mpaka tuliporudi. Pale juu hapana harufu. Sisi tumezaliwa na harufu: mwani, dagaa, moshi wa makaa, mfereji wa Mwembe Tayari. Pale unavuta pumzi pua haipati habari yoyote. Nilijinusa kwapa ili nijue kama pua bado inafanya kazi.

Simu yangu ilizima na ilikuwa na chaji zaidi ya nusu. Betri haipendi baridi. Itie mfuko wa ndani karibu na mwili, itoe wakati wa picha tu.

Mama Wawili, Kisauni

Baharia, umenitoa hofu ya tumbo ukanitia ya mkia. Ahsante lakini. Kwani hizo kilo zinatajwa kwa sauti?

Baharia wa Mtongwe

Kwangu iliandikwa kwenye karatasi, kimya kimya. Mpishi mwenzangu aliyezidi kiwango chao alilipishwa nyongeza, na hapo ndipo kila mtu alipojua.

Binti Ukunda

Mimi niko Uswisi kwa mume, mwaka wa tisa. Huku kutua kwa helikopta milimani kuna sheria kali, ziko sehemu 40 tu zilizoruhusiwa nchi nzima. Wafaransa majirani zao walipiga marufuku kuwashusha watu milimani kwa starehe tangu 1985. Kwa hivyo ukipata, shukuru.

Nilipanda kutoka bonde la Lauterbrunnen siku ya kumbukumbu ya ndoa. Nitasimulia kosa langu tu, maana uzuri Baharia keshausema. Nilikuwa nimebeba leso yangu ya jina, ile niliyopewa na mama, nataka picha nayo theluji ikiwa nyuma. Chini walitukagua: kofia vueni, skafu ingizeni ndani, hakuna kitu kinachopepea. Nikaitia leso ndani ya jaketi. Juu tukashuka, mapanga ya helikopta bado yanazunguka pole pole, maana kwa kituo kifupi hawazimi. Nami nikaikunjua. Nduzangu, upepo wa mapanga uliipokonya mikononi mwangu nikabaki na nyuzi. Bahati ilielekea mbele, ikashuka kwenye theluji hatua kumi. Ingeelekea mkiani, labda nisingekuwa naandika hapa. Rubani hakupiga kelele. Alinitazama tu, na afadhali angepiga kelele. Mume wangu hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Kwa hivyo dada, kama unavaa buibui au mtandio, vaa ule wa kuvuta kichwani unaobana, bila pini, na juu yake ufunge jaketi mpaka kidevuni. Miwani ya jua ni lazima. Theluji inarudisha mwanga kama bati jipya saa sita mchana, nilikaa na machozi jioni nzima.

Picha ya leso niliipata, imelowa.

Kijana wa Bombolulu

Mimi sijapanda ila nilisimama karibu wakati mheshimiwa mmoja alipotua uwanjani kipindi cha kampeni. Vumbi lilituvisha kanzu nyekundu, kuku wa jirani walihama, na mabati mawili ya kibanda cha mama ntilie...

Mama Wawili, Kisauni

Mwanangu, nimesema waliopanda.

Kijana wa Bombolulu

Sawa mama. Nakaa.

Jirani wa Makupa

Wangu ni uzoefu wa kungoja. Mwaka juzi nilimpeleka mama hija ya Kedarnath, India. Hekalu liko zaidi ya mita 3,500 juu, kwa miguu ni kama kilomita kumi na sita za kupanda kutoka Gaurikund. Mama ana magoti mabovu, tukakata helikopta kutoka Phata, safari ya dakika chache tu. Siku ya kwanza tulifika alfajiri, ukungu. Zikaruka mbili, zikasimamishwa. Siku ya pili mvua. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki na shali yake akipiga shanga, hata hakuuliza saa ngapi. Mimi ndiye niliyekuwa nagombana na watu wa kaunta.

Siku ya tatu saa moja asubuhi anga ikafunguka, tukaitwa mbio kama wanaokimbilia matatu ya mwisho. Tulipotua, theluji iko vileleni pande zote, kiwanja chenyewe kikavu. Mama alifumba macho njia nzima. Nikamuuliza umeona nini? Akasema, sikuja kuona milima.

Ninachotaka kusema: acha siku ya akiba, na safari za asubuhi ndizo zenye nafasi nzuri. Usipange helikopta Jumanne na ndege ya kurudi Jumatano.

Dereva wa Nanyuki (mzaliwa wa Changamwe)

Kuna mtu ameniandikia pembeni akiuliza kwa nini dada aende New Zealand na Mlima Kenya upo. Nijibu hapa. Helikopta Nanyuki zipo, na mimi nilipanda mara moja, mgeni wangu alikuwa na kiti kitupu. Tulizunguka vilele vya Batian na Nelion, tukashuka kando ya ziwa Michaelson, kwenye bonde la Gorges, karibu mita elfu nne. Ni pazuri kiasi kwamba nilinyamaza, na wanaonijua wanajua uzito wa jambo hilo. Lakini theluji ya kukanyaga usiahidiwe. Asubuhi huko juu utaiona imepaka miamba, jua likiwaka imekwenda. Barafu ya zamani ya Lewis, ile waliyokuwa wakiivuka wapandaji, imebaki viraka.

Jambo lingine. Nanyuki kwenyewe ni kama mita 1,950, mtu wa pwani tayari ukipanda ngazi unahema. Ukirushwa mita elfu mbili zaidi kwa dakika chache, kichwa kinakuwa chepesi. Nilitaka kukimbia nikapige picha majini, hatua ya sita nikakaa kwenye jiwe. Na si mimi tu, hata chombo kinachoka. Rubani alitueleza kwamba hewa ikiwa nyembamba mapanga hayana cha kushika, ndiyo maana alimwacha abiria mmoja chini na hakujaza mafuta mpaka juu. Joto nalo huifanya hewa kuwa nyembamba. Nikafikiria Mombasa mwezi wa pili, kumbe hata helikopta hulalamika.

Franz Josef usihofu hilo la kichwa, hamwendi juu kiasi hicho.

Mjukuu wa Rabai

Sijapanda, lakini mama asinifukuze, nina neno moja. Mnaposema theluji, kumbukeni habari yake ya kwanza kufika Ulaya kuhusu Kilimanjaro ilitoka kwetu Rabai. Tarehe 11 Mei 1848, mmishonari Rebmann, aliyekaa Rabai, akiwa safarini na kiongozi wake Bwana Kheri, mwenyeji wa Mombasa, aliona weupe kileleni. Akamuuliza Bwana Kheri ule weupe ni nini. Akajibiwa: baridi. Basi. Rebmann ndiye aliyesema hiyo ni theluji, na London wasomi wakamcheka miaka mingi, theluji gani kwenye ikweta, mpaka msafiri Mjerumani von der Decken alipoupanda mlima kiasi mnamo 1861 na 1862.

Mimi naona Bwana Kheri alijibu vizuri zaidi.

Mama Wawili, Kisauni

Huyu simfukuzi.

Muuguzi wa Majengo, niko Auckland

Shoga, nimechelewa, nilikuwa zamu ya usiku. Franz Josef nilipanda mwaka wangu wa pili huku. Upande ule wa magharibi mvua ni nyingi ajabu, maana mlima uko karibu na bahari. Barafu inateremka mpaka karibu na msitu mbichi kabisa, majani kama ya Shimba Hills. Tangu 2012 hakuna kuikanyaga barafu kwa miguu kutoka bondeni, imerudi nyuma na njia si salama, kwa hivyo helikopta ndiyo mlango. Wamaori huiita machozi ya Hine Hukatere, msichana aliyempoteza mpenzi wake kwenye maporomoko ya theluji, machozi yakaganda. Jina la Franz Josef ni la mfalme wa Austria ambaye hakufika hata Likoni.

Theluji yenyewe: hatua ya kwanza mguu unazama, unadhani unaanguka, hauanguki. Ukiishika bila glavu unasikia moto, si baridi. Usiile hata kama kaka yako anakula.

Sasa la muhimu kuliko yote haya. Usije na mabuyu, achari wala kachiri ukanyamaza. Uwanja wa ndege wa huku usipotaja chakula ni faini dola 400 za hapa, papo hapo, na machozi hayasaidii. Taja kila kitu kwenye fomu. Na kama umenunua buti za mitumba Kongowea, sugua nyayo mpaka ziwe kama sahani. Udongo wa shamba la mtu hawautaki. Buti zilizotumika nazo unazitaja. Mimi nilisimamishwa kwa sababu ya majani makavu kwenye soli, nikasugua pale pale kwa mswaki wangu.

Mama Wawili, Kisauni

Wallahi nimecheka mpaka watoto wamekuja kuchungulia. Jaketi nishapata Kongowea, la buluu, zipu nzima, limetumika na mtu mwenye mikono mirefu. Buti nimezisugua leo kwa brashi ya kufulia, zimeanikwa juu ya bati. Mabuyu nitayataja, siyaachi, kaka ameyaomba kwa jina. Mtandio wa kubana ninao wa shule ya madrasa. Leso nitaiacha kwa wifi.

Limebaki swali moja, na wanaume mfumbe macho kidogo. Mimi baridi ikinipiga, nusu saa haipiti bila haja ndogo. Huko juu mnafanyaje?

Binti Ukunda

Hakuna choo. Nenda kabla ya kupimwa.

Baharia wa Mtongwe

Na kilo zitapungua.