Nimepunguzwa kazi ya mauzo, simu za wateja bado zinaingia kwangu. Nifanyeje wakuu?

Mpiga_Simu:
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana kichwa kimejaa na usingizi sina. Nilikuwa ofisa mauzo, juzi tumeitwa kikao cha asubuhi tukajua ni yale yale ya kukimbizana na tageti, kumbe HR kakaa na bahasha mezani. Kampuni inabana matumizi, timu imekatwa nusu na mimi nimo. Laptopu nikarudisha, imeili ikafungwa hata getini sijafika. Kinachoniuma mwezi uliopita nilivuka tageti, yani mtu aliyevuka anaondolewa na asiyefikisha anabaki, sasa tulikuwa tunahangaikia nini?

Kuna karatasi wanataka nisaini kwamba nimelipwa stahiki zangu zote na sidai kitu, wamenipa siku chache tu, lakini kuna madili nilishafunga na wateja hawajalipa bado, komisheni yangu hapo inakuwaje? Halafu wateja wananipigia kwenye namba yangu binafsi, mmoja leo kaulizia mzigo wake nikabaki nababaika kama mwizi. Simu ikiita tu moyo unapiga paa, halafu nakumbuka sina cha kumuuzia mtu. Mwenzangu nyumbani anajua, wazazi bado sijawaambia.

Kaunta_Nne:
Pole sana mkuu. Karatasi usiisaini leo. Chukua mkataba wako tafuta kifungu cha komisheni kinasemaje, je unaistahili siku dili linasainiwa, siku invoisi inatoka, au siku hela ya mteja inaingia? Hapo ndo pesa yako ilipo. Wengine wanaandika kabisa hela iingie na wewe uwe bado mwajiriwa, ikiwa hivyo kazi ni ngumu ila omba tu, kwa maandishi, orodhesha mteja nani, dili lilifungwa lini, la kiasi gani, asilimia yako ngapi. Kabla hujasaini wanakuhitaji, ukishasaini wanakusikiliza kwa adabu tu.

Sheria_Mbele:
Naongezea hapo. Kuna mkataba wa ILO, lile Shirika la Kazi Duniani, namba 158 wa mwaka 1982, unataka mwajiri awe na sababu halali ya kukuachisha, akupe notisi au alipe badala yake, na uwe na kiinua mgongo au mafao ya kukosa kazi. Nchi nyingi hazijauridhia kwahiyo usiende kuupiga mezani, soma sheria ya kazi ya huko uliko, ila notisi, siku za likizo ambazo hukuchukua na cheti cha utumishi lazima uviulizie. Na barua iseme wazi UMEPUNGUZWA, isije ikaachwa nafasi ya mtu kudhani ulishindwa kazi. Muda wa kupeleka malalamiko huwa mfupi, usiseme utaenda ukitulia.

Dalali_Mstaafu:
Mnamchosha kijana na makaratasi. Wateja si wanampigia yeye? Ahamie kwa mshindani kesho asubuhi na simu yake hiyo hiyo, mchezo umeisha.

Kaunta_Nne:
@Dalali_Mstaafu usimponze mwenzio. Mikataba mingi ya mauzo ina kifungu cha kutofuata wateja wa kampuni kwa muda fulani, akisome kwanza. Na kama ana orodha ya wateja aliyoitoa kwenye mfumo wa kampuni asiiguse, hiyo ni mali yao. Mkuu, wakipiga sema hivi: "Mimi sipo tena pale, mzigo wako mpigie fulani, namba yake hii hapa, nashukuru kwa muda wote tuliofanya kazi." Basi. Usiisemee kampuni vibaya hata mteja akikuchokoza, na wapo watakaokuchokoza wapate umbea. Mimi aliyekuja kunipa kazi ni mteja niliyemuaga hivyo hivyo.

Mama_Tageti:
Mdogo wangu pole. Kazi ya mauzo ina ukatili wake, kila mwezi namba inakwambia wewe ni mtu au si mtu, sasa namba imeondoka hujui ujione vipi. Hilo la kuondolewa wakati umevuka usilitafutie maana, wakikata huwa wanaangalia eneo, bidhaa, mshahara wa nani mkubwa, wewe ulikuwa mstari kwenye karatasi.

Ila siku zako zilinde. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 watafiti walienda kijiji cha Marienthal kule Austria, kiwanda kimefungwa, karibu kila mtu hana kazi. Ungedhani muda wamepata watasoma sana, wapi, vitabu vya maktaba wakawa wanaazima vichache kuliko walipokuwa wanafanya kazi, hata kutembea wakawa wanatembea polepole. Kwahiyo amka saa ile ile, asubuhi piga simu kwa watu unaowajua, ongea nao kwa sauti kabisa, kutuma CV peke yake kunakausha roho. Mchana acha. Bajeti ipange kwa mshahara wa msingi, ile miezi ya komisheni nono isahau kwanza. Wazazi waambie wewe mwenyewe kabla hawajasikia kwa watu.

Mpiga_Simu:
Asanteni sana wakuu. HR nimewaandikia kuhusu madili, karatasi sijasaini. Yule mteja wa mzigo nimempigia nikamwambia kama alivyosema Kaunta, akanyamaza kidogo halafu akasema nikitulia nimtafute. Swali la mwisho, nikienda intavyuu wakiuliza kwanini nilitoka?

Kaunta_Nne:
Sentensi moja, "kampuni ilikata timu nusu na mimi nikawemo", halafu ingia kwenye namba zako hapo hapo. Unazo?

Mpiga_Simu:
Ripoti zote zimebaki kwenye laptopu ya ofisi.

Mama_Tageti:
Slipu za mshahara unazo? Mstari wa komisheni unaonyesha ulichouza mwezi baada ya mwezi. Zikusanye leo.