Stovu ya pampu ya marehemu bibi: inatengenezeka au iende skrepa?

BintiNgamiani (Tanga)

Habarini za jioni. Wakubwa wote shikamooni.

Nina jambo la jikoni limetugawa nyumba nzima. Tulikuwa tunatoa vitu kwenye stoo ya marehemu bibi hapa Ngamiani, ikatoka stovu yake ya pampu. Shaba ya manjano tupu, miguu mitatu, na tangini imegongwa chapa: PRIMUS No. 1, B. A. Hjorth & Co., Stockholm, Made in Sweden. Mama alipoiona alipiga vigelegele, majirani wakadhani kuna posa.

Mniwie radhi nieleze kidogo. Mama anaishi na sisi, na gesi hataki hata kuisikia. Mtungi anauita bomu. Nikiwasha jiko yeye anatoka uani, anasimama karibu na mlango wa nyuma mpaka nizime. Yeye anapikia mkaa barazani, na moshi ule unaingia moja kwa moja chumbani kwa mwanangu wa pili, ambaye ana pumu. Sasa kaiona stovu anasema, "Hili ndilo jiko langu, hili nalijua." Yaani tangi la mafuta lililoshindiliwa upepo haliogopi, mtungi ndio anaukimbia!

Mume wangu naye kashapiga hesabu. Shaba inanunuliwa kwa kilo, kuna kijana wa skrepa anapita mtaani na toroli, na hela yake itatosha kuchangia jiko la umeme la kupikia wali.

Hali yake ni hii. Tumetia mafuta ya taa kidogo, nikapampu. Mkono wa pampu ukiusukuma ndani, unarudi juu wenyewe, na mafuta yanachuruzika kwenye tundu la pampu. Hatukuwasha. Kichwani masizi yameganda, kile kitundu cha katikati hata sikioni. Mama anasema, "Tia spiriti uwashe, litazibuka lenyewe." Kiberiti nimekificha.

Ubovu uko wapi? Vifaa vyake bado vipo? Na je, mtu mzima wa miaka sabini na kitu aachiwe kitu hiki peke yake?

Kijana_wa_Chuga

Dada uza. Shaba ina bei. Mtungi mdogo wa kilo sita na kichwa chake juu, mama atazoea tu.

FundiPasua (Moshi)

Dada BintiNgamiani, umefanya la maana kuficha kiberiti. Usimsikilize huyo wa skrepa kwanza.

Mkono wa pampu kurudi juu wenyewe na mafuta kufuata nyuma, hiyo ni vali ya chini. Ndani ya bomba la pampu, mwisho kabisa, kuna vali ndogo yenye springi na kipande cha mpira au cha koki kama ya kizibo cha chupa. Kazi yake ni kuruhusu upepo uingie tangini usirudi. Ule mpira ukikauka au ukiliwa na mafuta, upepo wa tangi unasukuma kila kitu kurudi ulikotoka. Ukiwasha stovu ya namna hiyo, mafuta yanamwagika karibu na moto. Ndiyo maana nyingine zimeunguza watu, watu wanasema "stovu imelipuka" kumbe ni kampira kadogo kuliko punje ya dengu.

Vali hiyo inafunguliwa kwa spana ndefu maalumu inayoingia ndani ya bomba. Usikubali fundi baiskeli aingize bisibisi na nyundo. Shaba laini, itakatika humo humo na tangi limekufa.

Ungesema pampu inaingia laini bila kubana chochote, ningekwambia ni ngozi. Kwenye ncha ya mkono wa pampu kuna kikombe cha ngozi. Kikikauka hakishiki upepo. Dawa yake ni kukiloweka usiku kucha kwenye mafuta ya kupikia au ya cherehani, kisha unakitanua kwa vidole. Hata kama chako kinabana, kwa miaka iliyokaa stoo kiloweke tu.

Kichwa kifunguliwe. Chini yake, kinapokutana na tangi, kuna washa ya risasi, yaani pete ya madini laini ya kuziba upepo. Ukishafungua weka mpya, ile ya zamani haikai sawa mara ya pili. Kitundu usichokiona ni cha nozeli, kinazibuliwa kwa pini yake, waya mwembamba sana uliofungwa kwenye kipande cha bati. Unaingiza wima kutoka juu. Ukipinda unakatikia ndani, na ukitumia sindano ya kushonea unapanua tundu. Tundu likishapanuka, moto wa bluu usahau. Utapata wa njano na sufuria nyeusi.

Kabla ya kutia mafuta, funga kila kitu, jaza upepo mtupu, zamisha tangi kwenye beseni la maji. Ukiona mapovu kwenye maungio, hasa pale mguu unaposhikana na tangi, usiwashe. Na lisipelekwe kwa mtu wa kuchomelea likiwa limewahi kuwa na mafuta ndani. Mvuke unabaki.

BiMkubwaKibokoni (Mombasa)

Marahaba mwanangu. Mimi stovu hiyo nimepikia miaka na miaka hapa Mji wa Kale, kabla hazijaingia zile za utambi, halafu gesi. Mkwe wangu mwanamke akiisikia inavuma alfajiri alikuwa ajua daku iko tayari, hahitaji kuamshwa.

Fundi kasema ya ufundi, nami nasema ya jikoni. Spiriti yatiwa kwenye kile kisahani kilicho shingoni, skrubu ya kutoa upepo ikiwa wazi. Yaungua mpaka iwe karibu kwisha, ndipo wafunga skrubu na kupampu taratibu. Ukiona moto mrefu wa njano wapanda, hakijashika moto kile kichwa. Fungua skrubu, upepo utoke, uanze upya. Kina mama wengi walikuwa wafanya pupa hapo, wazidisha kupampu, na moto wafika darini. Wala usitie mafuta ya taa badala ya spiriti kwa kubana matumizi. Huo ndio mwanzo wa masizi yote hayo.

Mafuta hayaongezwi stovu ikiwa ya moto. Chakula kisipoiva, na kisiive.

Leso au kanga ya nailoni usiivae karibu. Pamba, na mtandio uufunge nyuma. Na mafuta usinunue ya dumu la barabarani, hujui jana lilibeba nini. Petroli kidogo ikichanganyika humo ni msiba. Nunua yanayotoka pampu ya kituo.

Hilo la pumu, mwanangu, stovu hii haina moshi ikishika sawasawa, lakini wakati wa kuwasha na wa kuzima yatoa harufu kali sana. Isiwekwe chumbani wala jikoni kwa dirisha moja. Uani, chini ya kivuli, pasipo upepo mwingi.

Kuisugua, ukwaju na majivu. Usiende kununua dawa ya kopo.

BintiNgamiani

Bi Mkubwa, Fundi, ahsanteni sana. Nimemsomea mama yote. Alipofika kwa "kisiive" alicheka mpaka akakaa chini, kumbe bibi alikuwa na sheria hiyo hiyo na siku moja babu alikula wali mbichi.

Halafu akaanza kueleza vitu ambavyo sikuwahi kumuuliza. Kwamba mwanzoni mwa miaka ya themanini, enzi za maduka ya kaya, stovu hii ilikaa juu ya kabati miezi mingi kwa sababu mafuta ya taa hayapatikani, na bibi alikuwa anaishusha kila Ijumaa, anaifuta, anairudisha. Spiriti ikipatikana kwanza, mafuta hakuna. Mafuta yakija, pini imekatika. Walipikia kuni na vifuu vya nazi.

Mume wangu anasikiliza kimya. Neno skrepa leo halijatajwa.

Swali dogo: mafuta ya taa siku hizi ni ghali. Stovu hii inakula kiasi gani?

Mnguja_Muscat

Assalaam alaykum. Nimepita tu nikaona picha ya shaba, nikashindwa kunyamaza. Mama yangu alitoka Unguja na stovu kama hiyo ndani ya sanduku, iko kwangu hapa Muscat, haijawashwa tangu nikiwa mdogo.

Dada, kabla ya ukwaju na majivu, geuza tangi uangalie chini. Primus walikuwa wanagonga herufi ya mwaka, walianza na A mwaka 1911, kisha B mwaka uliofuata, na kuendelea. Ukisugua kwa nguvu mahali hapo unafuta umri wa jiko lako. Sugua ubavuni, chini pitisha kitambaa tu.

Jiko lenyewe alilibuni Frans Wilhelm Lindqvist huko Stockholm mwaka 1892. Ujanja wake ni kwamba halina utambi. Mafuta yanapanda kwa nguvu ya upepo, yanapita kwenye mirija ya kichwa chenye moto, yanageuka mvuke, na kinachoungua ni ule mvuke. Kwa hiyo bibi yako naye alikuwa anapikia gesi, mwambie mama! Amundsen, yule mpelelezi wa Norwei, alikuwa na Primus safari yake ya Ncha ya Kusini ya dunia mwaka 1911. Mkimpa kijana wa toroli kwa bei ya kilo mtakuwa mmemzawadia.

Vifaa vipo. Ngozi, washa za risasi, nozeli na pini bado vinatengenezwa, na wako watu mtandaoni wanaouza seti nzima.

FundiPasua

Mnguja kasema kweli, hasa hilo la kupikia gesi.

Dada, tangi hilo linachukua kama lita moja. Usilijaze, acha robo iwe ya upepo. Likiwaka kwa nguvu zote linaweza kuimaliza ndani ya saa chache, likiwa na moto mdogo linakaa zaidi. Bei ndiyo hiyo. Tangu mwaka 2011 serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa ili watu waache kuyachanganya na dizeli, kupikia kila siku hakulipi tena. Kwa chapati za mwisho wa juma sawa. Maharage pikia kitu kingine.

Spana ya vali ninayo. Lete tangi na kichwa tu, miguu bakiza. Mwaga mafuta yote, acha wazi upepo uyakaushe siku mbili, ndipo uweke kwenye basi. Kondakta akinusa mafuta atakushusha, na atakuwa na haki.

BintiNgamiani

Nimegeuza tangi. Herufi ipo, P!

Mama kakubali mambo mawili. Stovu itakaa uani, na haiwashi nikiwa sipo. Na kwa maneno ya Mnguja, jana kasogea mpaka mlango wa jikoni akaangalia moto wa gesi, akasema, "Mbona wa bluu kama wetu." Mtungi bado anauita bomu, lakini uji wa mjukuu kaukoroga mwenyewe, mimi nimeshika swichi.

Mkaa wa barazani umesimama kwanza, chumba cha mtoto kimepumua. Mume wangu anapita Moshi Ijumaa na gari la kazini, atakuletea. Fundi, nitumie kwa ujumbe mahali pa kukupata, na useme kabisa gharama ya vali, ngozi na washa, maana huyu akifika huko bila bei mkononi ataulizia na bei ya shaba.