Kikundi cha hisa chenye wanufaika wa TASAF: hisa iwe shilingi ngapi ili walio hoi wasikimbie?

Mdau_Chamwino
Habari za muda huu wakuu. Kuna kikundi cha kuweka na kukopa kinaanza kijijini huku Chamwino, Dodoma, watu 22. Kati yao 13 ni wanufaika wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini: ruzuku inaingia kila baada ya miezi miwili, katikati wanaishi kwa vibarua. Waliobaki wana magenge na alizeti kidogo. Wenye magenge wanataka hisa iwe 2,000 kwa wiki, wanadai chini ya hapo sanduku halitakuwa na hela ya kukopeshana. Hofu ni kwamba ikifika Januari wanyonge wote watakuwa wameshatoka. Kiwango kipangwe vipi, na mgao wa mwisho wa mwaka unapigwaje hesabu bila ugomvi? Katiba bado haijaandikwa.

MamaKufuliTatu
Mkuu, 2,000 ni hisa ya wenye magenge. Bei ya hisa hupimwa kwa aliye chini kabisa, katika mwezi wake mbaya kabisa. Muulizeni pembeni, maana mbele za watu hakuna atakayekubali kuonekana hana. Kwa kundi hilo 500 inatosha. Kila mtu ananunua hisa 1 hadi 5 kwa kikao, hivyo mwenye genge anaweka 2,500 yake bila kumburuza mwenzake. Kikomo cha 5 kisiondolewe hata akilia, la sivyo mtu mmoja atamiliki nusu ya sanduku na yeye ndiye atakayeamua nani akope.

Bei isibadilishwe katikati ya mwaka. Mgao unafuata idadi ya hisa, kwa hiyo mkishusha hadi 300 mwezi Januari, hisa ya 300 itavuna sawa na ya 500 na hapo ndipo mtashikana mashati. Badala yake andikeni kwamba Desemba hadi Machi mtu anaruhusiwa kuja mikono mitupu, bila faini, mradi amehudhuria. Faini huwatoa maskini kuliko hata bei ya hisa. Akishakosa vikao vitatu kwa faini ya 1,000 kila kimoja, anaona bora asionekane tena.

Kitabu cha mwanachama kiwe na mstari mmoja kwa kila kikao, wenye vyumba vitano. Hisa hugongwa muhuri, haiandikwi, ili asiyejua kusoma ahesabu kwa kidole. Aliyenunua mbili, vyumba vitatu vilivyobaki vikatwe kwa peni palepale wote wakiona. Vikiachwa wazi, mihuri huwa inaongezeka yenyewe usiku. Vitabu na muhuri vinafungiwa sandukuni pamoja na pesa. Kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasio viongozi na wasio ndugu, na anayelaza sanduku kwake asiwe na ufunguo hata mmoja.

Hesabu_Kwanza
Naongezea upande wa mkopo na mgao. Kukopa kuanze baada ya miezi mitatu hivi, kisha kila wiki ya nne. Kikomo ni mara tatu ya akiba ya mtu: mwenye 10,000 asizidi 30,000. Riba ya 5% kwa mwezi inatosha, yaani 1,500 kwa huyo, na ailete kila mwezi hata kama mtaji bado, muda usizidi miezi mitatu. Ikiwa walioomba ni wengi kuliko pesa iliyopo, punguzeni maombi yote kwa uwiano mmoja. Msianze kuchagua watu.

Mgao: tuseme mwaka umeisha na hisa zote ni 2,640, yaani akiba ya 1,320,000. Siku hiyo sandukuni mnakuta 1,584,000 pamoja na riba. Gawanya kwa 2,640, kila hisa ni 600. Mwenye hisa 60 aliweka 30,000 anachukua 36,000. Mwenye 250 aliweka 125,000 anachukua 150,000. Mfuko wa jamii, ule wa misiba na ugonjwa, hauingii kwenye hesabu hii, na ukae kwenye mfuko wa rangi nyingine tangu siku ya kwanza.

Ugomvi mwingi wa mgao ni madeni ambayo hayajarudi. Mikopo yote irudi wiki nne kabla. Anayedaiwa, deni likatwe kwenye hisa zake kabla ya kugawa, si baada. Kwa Dodoma fungeni mwaka Novemba, pesa ikute mbegu na kulima. Mkifunga Juni, mtu ana mavuno ndani na pesa mkononi, itaishia kwenye sherehe.

Kideri_Hakibishi
Yote sawa, ila msiwaahidi watu kwamba sanduku peke yake litawatoa kwenye ufukara. Utafiti wa vikundi vya namna hii Ghana, Malawi na Uganda, uliochapishwa 2017, ulikuta akiba, biashara ndogo na sauti ya wanawake zimepanda, lakini matumizi ya kaya kwa wastani hayakupanda. Sanduku linakusanya kilichopo. Asiye na kinachoingia hana cha kukusanya.

Kwa wale walio hoi kabisa angalieni utaratibu ambao shirika lisilo la kiserikali la BRAC liliuanza Bangladesh mwaka 2002: kwanza posho ya chakula kwa miezi kadhaa, akiba na mafunzo, kisha mali ya kuzalisha, na mtu wa kuwatembelea kwa takriban miaka miwili. Ukimpa mbuzi mtu asiye na unga ndani, mbuzi atauzwa kabla hajazaa, na hapo usimlaumu. Mpango huo ulipopimwa katika nchi sita (matokeo yalitoka 2015), Honduras ndiyo iliyoyumba, kwa sababu kuku waliogawiwa walikufa kwa magonjwa.

Kwa hiyo mkikubaliana kuku, chanjo ya kideri (mdondo wa kuku) iingie kwenye bajeti kabla ya kuku: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kijiji kizima siku moja. Mkichanja wa kikundi tu, wa jirani wasiochanjwa wataendelea kuueneza ugonjwa, na vifaranga watakaoanguliwa kabla ya chanjo inayofuata ndio watakaokwenda.

Mdau_Chamwino
Shukrani sana. Je, mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri unaweza kuingia sandukuni ili pesa ziwe nyingi?

MamaKufuliTatu
Hapana. Ule (asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu) ni deni la kikundi. Ukichanganywa na hisa, siku ya mgao utagawanwa, na halmashauri itabaki inawadai. Akaunti yake, daftari lake. Wekeni mwaka mmoja wa pesa zenu kwanza, muone nani analipa. Usajili msiuache: kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi hivi ni daraja la nne na vinasajiliwa halmashauri. Mkimaliza katiba, pelekeni pamoja na muhtasari wa kikao na orodha ya wanachama kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.